Alisinzia dirishani, akaambiwa arudi akiwa sawa

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mimi ni fundi dawa sanifu, nina mwaka na nusu kwenye dirisha la dawa la CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, katika kituo kimoja cha afya upande wa Temeke. Tuna mteja, kijana wa miaka thelathini na kitu, anatumia ARV, dawa za kufubaza VVU, na anajidunga heroini. Mara ya mwisho alikuja amechelewa siku tisa, mkono umevimba, akawa anasinzia kwenye benchi. Mwenzangu akamwambia aende, arudi siku akiwa sawa. Hii ni wiki ya tatu hajaonekana na simu yake haipatikani. Wenzangu wanasema mateja hawawezi dozi, nisijichoshe. Mimi naumia. Je, kuna kitu mtoa dawa anaweza kufanya, au hii ni kazi ya daktari na mshauri nasaha?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya mengine, kuna jambo la leo leo. Wiki tatu bila dawa, na mkono uliovimba, si hali ya kusubiri kikao. Simu yake usiitegemee. Kwa mtu anayejidunga, simu ni katika vitu vya kwanza kuuzwa arosto, yaani ugonjwa wa kukosa unga, ikibana. Fungua faili lake uone jina la msaidizi wake wa matibabu na mtaa alioandikisha, kisha mtafute mtoa huduma ngazi ya jamii au mwelimishaji rika wa kituo chenu, yule anayezijua maskani, vijiwe wanakokaa wanaotumia unga. Huyo ndiye atakayemfikia. Ujumbe uwe mfupi na usiwe na neno la virusi wala dozi ndani yake: "Yule wa dirishani anakuulizia, mkono unaendeleaje? Amesema uje, hutakaa foleni." Basi. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa, na maskani siri haikai: likitamkwa mbele ya wawili, jioni limefika kijiwe cha pili.

Umeona nimeanza na mkono. Kwake yeye, siku ile, shida ilikuwa mkono. Virusi haviumi, jipu linauma. Uvimbe mahali pa kujidunga, wenye joto na unaokaza, mara nyingi ni usaha, na unataka kupasuliwa na kusafishwa kwenye chumba cha vidonda, pengine na antibayotiki juu yake. Ukiachwa, maambukizi yanaweza kuingia kwenye damu. Watu hawa hukaa na majipu hadi yapasuke yenyewe kwa kuogopa maneno ya hospitali. Yeye alijikaza akaja. Angepelekwa chumba cha vidonda kwanza, dawa angezichukua akitoka, na naamini leo usingekuwa unaniandikia.

Sasa huko kusinzia. Mtu aliyetoka kutumia heroini hulegea, kichwa kinainama, mboni za macho zinakuwa ndogo sana. Ukimwita akaitika, akataja jina lake, akashika kikombe cha maji bila kumwaga, anaweza kupewa dawa zake. TLD, yaani tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri kwenye kidonge kimoja, haigombani na heroini kwa namna ya kukufanya umnyime. Hatari inaonekana tofauti: haamki ukimtikisa, anakoroma kwa kukwama, pumzi zinakuja moja moja kwa mbali, midomo inapoteza rangi yake. Hapo unaita msaada kwa sauti kubwa, mnamsaidia kupumua, anapewa naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini mwilini, kama ipo kituoni, akianza kupumua vizuri mnamlaza ubavu na hamumwachi peke yake. Hizo ni hali mbili. Yako ilikuwa ya kwanza.

Tena fikiria hilo neno "akiwa sawa". Mraibu wa heroini asipotumia haji akiwa sawa. Anakuja na arosto: jasho, kamasi, tumbo linakata, anatapika, hasira mbele. Akitumia kidogo ili aweze kutembea, anakuja akisinzia. Kwa hiyo siku tuliyompangia arudi haipo kwenye kalenda yake. Tumemfukuza kwa lugha ya upole.

Wenzako wanasema hawawezi dozi. Nimekaa kwa miaka nyuma ya dirisha la methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini badala ya unga, na niliyoyaona hayafanani na maneno hayo. Kliniki ya kwanza ya methadoni nchini ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, Mwananyamala ikafuata mwaka 2012, kisha Temeke mwaka 2014. Kwa kawaida methadoni hunywewa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, mbele ya macho ya mtoa dawa. Nimewaona watu wanaotoka mbali, wengine kwa miguu kwa kukosa nauli ya daladala, mvua ya masika inanyesha, wakiwa mlangoni kabla dirisha halijafunguliwa. Ni watu walewale tunaosema hawajui saa. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba mtu anayejidunga akipata methadoni, ufuasi wake wa ARV, yaani kumeza dawa bila kukosa, unapanda na virusi vinashuka. Kwa hiyo kijana wako akipatikana, zungumza naye habari za methadoni mapema, wala usiifanye sharti la kupewa ARV. Vyote viwili ni haki yake, kwa pamoja au kimoja kimoja.

Na hata yule ambaye bado yuko kwenye unga anaijua saa kuliko wewe na mimi. Anajua arosto inaanza lini, kete ya asubuhi, yaani kipimo chake cha unga, anaipata wapi, na ya jioni ataitafutia wapi hela. Siku yake ina mpangilio mkali. Sisi tunakuja na "meza saa mbili usiku ukimaliza kula", kwa mtu asiyejua saa mbili usiku atakuwa wapi wala kama atakula. TLD ni mara moja kwa siku, saa yoyote ilimradi iwe ileile kila siku. Muulize: ni kitu gani hukosi kufanya kila siku? Atakachokujibu kinaweza kukushtua. Kama ni kete ya asubuhi, mwambie kidonge kitangulie. Najua kuna watakaosikia vibaya kwamba mtaalamu anafunganisha dawa na unga. Mimi nataka kidonge kiingie mwilini, na unga tutaushughulikia tukiwa bado na mtu aliye hai.

Kuna imani mbili zinazowakosesha dozi kuliko usahaulifu, na zote zinafutwa dirishani kwa sentensi moja moja.

Ya kwanza ni kwamba ARV haichanganywi na unga wala pombe, kwa hiyo siku ya kutumia usimeze. Kwa anayetumia kila siku, maana yake hamezi kabisa. Wengi wameisikia kwetu wenyewe, tukiwatisha kwa nia njema. Mwambie kwa maneno haya haya: hata ukitumia, meza. Ya pili ni kwamba dawa ni kali, lazima shibe. TLD humezwa na chakula au bila chakula. Nilikuwa na mama mmoja aliyekuwa akilala nje, alikuwa akimeza siku alizokula tu, yaani kama siku nne kwa wiki, na kila akija tulikuwa tukimhimiza "ufuasi, ufuasi" bila kumuuliza anashindwaje. Alipoambiwa maji yanatosha alilia. Nami niliumia, kwa sababu kumwambia kungetuchukua nusu dakika, miezi mingi nyuma.

Akisahau, ameze akikumbuka, isipokuwa zimebaki saa nne au pungufu kufika dozi inayofuata. Hapo asubiri hiyo, asimeze viwili kwa mpigo.

Sasa nije kwenye kazi ambayo ni yako hasa, kwa kuwa umeuliza kama ni ya daktari. Dawa zinavyopigana mwilini ni somo letu sisi wa famasia, na kwa watu wa methadoni somo hilo linaamua kama mtu atabaki au ataondoka. Rifampisini ya kifua kikuu inalichochea ini livunje methadoni haraka. Kiwango kwenye damu kinaweza kushuka hata zaidi ya nusu. Mgonjwa aliyekuwa ametulia kwa miezi anaanza dawa za TB, na ndani ya siku chache hadi wiki mbili arosto inarudi. Anasema dozi haimshiki. Asiyejua husema ameanza uongo wa kutaka aongezewe. Akiambiwa hivyo hujitibu mwenyewe kwa unga, halafu huacha vyote: methadoni, TB na ARV. Nimeliona hili kwa macho yangu, na aliyekuwa dirishani aliona kwenye kadi kwamba TB imeanza lakini hakuunganisha. Rifampisini inaishusha dolutegraviri pia, ndiyo maana mgonjwa wa TB huongezewa kidonge cha dolutegraviri ya miligramu 50 saa kumi na mbili baada ya TLD. Ukimkuta ana rifampisini na hana kidonge hicho cha pili, usimpe tu ulichoandikiwa. Inuka uende kwa daktari. Na TB ikiisha, methadoni iliyokuwa imepandishwa inatakiwa kuangaliwa na kushushwa taratibu, maana ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya kama wiki mbili, na dozi iliyokuwa ikimtosha inaweza kumzidi.

Efavirenzi na nevirapini hufanya kama rifampisini kwa methadoni. Wengi walishahamishiwa TLD, lakini ukikuta aliyebaki kwenye hizo za zamani na analalamika arosto, muamini kwanza. Karbamazepini na fenitoini za kifafa zinashusha methadoni na dolutegraviri kwa pamoja. Flukonazoli ya fangasi inakwenda kinyume, inapandisha methadoni, hivyo angalia usingizi. Diazepamu za mtaani, vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi, ambazo wengi huongezea ili methadoni "ishike", zinaua kwa kuzuia pumzi. Liulizwe bila kugomba, la sivyo utajibiwa uongo. Tumbo likiwaka watu hununua dawa za kiungulia dukani bila kukwambia, na zile zenye magneziamu au aluminiamu huikamata dolutegraviri isifyonzwe: TLD imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, na vya kalisiamu, navyo huikamata, ila hivyo vinaweza kwenda pamoja na TLD kama anameza na chakula.

Halafu homa ya ini B, ambayo iko sana kwa wanaochangia sindano. Tenofoviri na lamivudini zinaitibu hiyo pia. Mwenye homa ya ini B akikatisha TLD ghafla, ini linaweza kuwaka upya, kwa ukali. Ni sababu nyingine ya kutomwambia mtu yeyote aende arudi siku nyingine.

Kuhesabu vidonge. Hapa nina deni langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikimwaga kopo kwenye trei, nahesabu kwa sauti, nyuma yake foleni ya watu kumi. Dada mmoja aliyekuwa akijidunga akaanza kuja na hesabu kamili kila mwezi, haizidi hata kimoja, mimi namsifu. Kipimo cha wingi wa virusi kilipotoka, virusi vilikuwa juu sana. Alikuwa akivitupa vinavyozidi chooni asubuhi ya kliniki ili asiaibike mbele yangu. Nilimfundisha uongo, na alijifunza vizuri. Siku hizi naanza na "kila mtu zinampita siku nyingine", kisha nauliza, "kwa wiki hii iliyopita, zimekupita ngapi?" Akisema tatu, namshukuru kwa kunieleza, ndipo tunazungumzia hizo tatu: alikuwa wapi, kopo lilikuwa wapi.

Kopo ni habari ndefu. Linapiga kelele mfukoni kama njuga, na mtaani sauti ile inajulikana. Maskani ikivamiwa watu hukimbia na kuacha mabegi, mvua hulowesha, wenzake huiba begi lote wakitafuta cha kuuza. Dawa za miezi mitatu au sita ni neema kwa mwalimu wa Mbagala anayekosa muda wa foleni. Kwa anayelala chini ya kibanda, ni kupoteza dawa za miezi sita kwa usiku mmoja. Ongea naye, na muongee na daktari: achukue za wiki moja au mbili, au kopo likae kwa mama yake, au kwenye nyumba ya waraibu wanaojitahidi kuacha unga, na yeye atembee na za siku chache. Kama yuko methadoni, jambo bora nililowahi kuliona ni ARV kumezwa palepale dirishani pamoja na methadoni. Mteja wa CTC anayechukua dawa za miezi mitatu mnamuona mara nne kwa mwaka; wa methadoni anaonwa karibu kila siku. Ila muulize kwanza. Wapo wasiotaka foleni ya methadoni ijue hali yao, na kikombe kimoja cha maji kilichozidi kinatosha kuwafichua. Wengine watakwambia wiki moja ni nyingi kwa nauli. Asije akaona kupewa dawa za siku chache ni adhabu.

Akikamatwa, dozi inakatika siku hiyohiyo. Mwambie mapema, kabla halijatokea, nani apelekewe habari ili kituo kiandae dawa zimfuate. Wanawake wanaojidunga utawaona wachache zaidi dirishani, si kwa sababu wako wachache kiasi hicho, bali wanabeba aibu mara mbili na watoto juu. Ukimpata mmoja, mtazame kwa jicho la pekee.

Kama una rafiki anayeuza duka la dawa, mwambie auze bomba jipya la sindano bila mahojiano. Anayenyimwa bomba haachi kujidunga, anaazima. Na hili uliseme wazi kwa kijana wako: virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo, haambukizi kwa kujamiiana, hilo ni kweli na ni habari njema sana, lakini ahadi hiyo haijathibitishwa kwa sindano ya kuchangia, na homa ya ini B na C hazihusiki nayo kabisa. Bomba lake liwe lake.

Kuhusu mwenzako. Usimshtaki kwa mkuu wa kituo. Anaogopa, na hofu yake ina msingi: amewahi kutukanwa, pengine simu yake imewahi kuondoka mezani. Kaa naye mpange pamoja: anayesinzia anakaa upande gani, nani anamtazama pumzi, nani anampeleka chumba cha vidonda, vitu vya thamani vinakaa wapi. Mtu mwenye utaratibu haogopi sana. Na neno "teja" liacheni, hata mkiwa wawili tu nyuma ya rafu. Sauti inapita kwenye tundu la dirisha kuliko mnavyodhani.

Akija, usianze na "ulikuwa wapi". Atakuwa ameyasikia hayo maneno kichwani mwake njia nzima, na ndiyo yaliyomchelewesha wiki tatu. Mwite kwa jina, sema umefurahi kumuona, mtoe kwenye foleni. Mkono utangulie. Daktari amuone, amuulize na kikohozi, jasho la usiku, kupungua uzito; asipokuwa na tatizo jingine, TLD inaweza kuanza tena siku hiyohiyo, na kidonge cha kwanza akimeze mbele yako na maji yako. Usimtishe kwamba dawa zimeshagoma. Dolutegraviri haipati usugu kirahisi. Mara nyingi mtu anarudia ileile, anatulia nayo kama miezi mitatu, ndipo wingi wa virusi unapimwa. Kama alikuwa kwenye methadoni na amekosa siku tatu au zaidi mfululizo, asinywe dozi yake ya zamani mpaka apimwe upya na kliniki yake, kwa sababu mwili umeshapoteza uzoefu wa dawa hiyo na kiasi kile kinaweza kumuua.

Na ukishamaliza, kabla hajaondoka, mwombe ruhusa uandike vitu vitatu kwenye faili: jina analoitwa maskani, mtu mmoja anayemuona kila siku, na mahali anaponunua chai asubuhi. Wiki ijayo, akikosa siku moja tu, mtumie mtu pale kwenye chai.